Tuiandike DMA ya Kale, au Tuiache Ife?

Hoja iliyo mezani ni hii: je, kuna haja ya mtu aliyeko Jebel, magharibi mwa Juba, kuandika kwa Kiswahili namna kompyuta za zamani zinavyohamisha data kati ya kifaa na kumbukumbu bila prosesa kuibeba yenyewe? Waandishi wa draiva wanaiita kazi hiyo DMA, na ile ya PC za kizazi cha kwanza wanaiita DMA ya ISA, kwa jina la njia ya kuunganishia kadi kwenye PC hizo. Kuna wanaosema uandishi huo umechelewa mno. Kuna wanaosema ni kuchoma dizeli ya jenereta bure.

Sauti tatu zitabishana hapa. Si za watu fulani. Ni misimamo inayosikika kila hoja hii inapozuka kwenye vibanda vya kompyuta kandokando ya barabara ya Yei, chini ya Jebel Kujur. Fundi ni mtu mzima, anatengeneza kompyuta na printa. Binti anaandika programu. Alisomea Nairobi akarudi nyumbani. Mwalimu anafundisha kompyuta. Kiswahili chao ni kile kilichorudi na watu kutoka Kakuma, Nairobi na Kampala, nacho leo kinaishi jirani na Kiarabu cha Juba bila ugomvi. Nitaingilia pale hoja itakapopita bila kujibiwa, na mwishoni nitasema nasimama wapi.

FUNDI: Naomba nianze, kwa sababu mashine zinaletwa kwangu. Kompyuta inayofika Jebel mara nyingi imeshatumika kwingine miaka mingi, Mombasa au Eldoret au Kampala, ndipo ikapandishwa lori. Huja na printa ya riboni, ile ya kelele, inayochapa nakala tatu kwa mpigo. Wenye stoo na wenye magari ya mizigo hawataki kuiacha, maana stakabadhi yenye nakala huwaokoa kwenye mabishano. Waya wake una plagi pana ya pini 25. Sasa nikiingia kwenye BIOS nakuta neno ECP, na chini yake DMA 3. Kijana ninayemfundisha kazi ananiuliza, fundi, hiyo 3 ni nini? Mwalimu, nimjibu nini?

BINTI: Mwambie aizime, mzee wangu. Achague hali ya kawaida, ahifadhi, awashe upya. Printa itachapa.

FUNDI: Itachapa, na ndivyo tunavyofanya. Lakini mwanangu, kijana hakuniuliza kama printa itachapa. Aliniuliza 3 ni nini.

MWALIMU: Ni namba ya chaneli. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC, iliweka ndani chipu iitwayo 8237, yenye chaneli nne, 0 hadi 3. Ilikuwa ya kuipunguzia prosesa mzigo. Mwenye duka sokoni hawezi kuwaacha wateja kila gunia linaposhuka kwenye lori. Anamwambia mpagazi, toa pale, weka pale, yako hamsini, ukimaliza niite. Prosesa huiambia 8237 mambo hayohayo: anzia anwani hii, baiti ni kadhaa, zinaingia au zinatoka. Kisha inaendelea na shughuli zake.

Na haikuwa anasa. Disketi ya PC ya kwanza ilikuwa ikitoa biti 250,000 kwa sekunde, yaani baiti moja kila mikrosekunde 32. Prosesa ilikwenda kwa megahezi 4.77. Kati ya baiti moja na inayofuata ilikuwa na mizunguko kama 150 tu, na humo ilipaswa kuacha kazi iliyonayo, kuipokea baiti, kuiweka mahali pake na kurudi. Ikichelewa mara moja, sekta nzima imepotea. Ndiyo maana disketi ikapewa chaneli 2. Chaneli 0 ilipewa kazi ambayo mtumiaji hakuiona kamwe: kuigusa kumbukumbu yenyewe kila baada ya mikrosekunde 15 hivi, kwa kuwa kumbukumbu ya aina ile husahau isipoguswa. Mwaka 1984 ilipokuja PC/AT, IBM iliongeza 8237 ya pili, ikaziunganisha mbili hizo kupitia chaneli 4. Chaneli 5, 6 na 7 zikawa za biti 16. Plagi ya printa yako, Fundi, ikiwekwa kwenye ECP, kwa kawaida hupewa 3.

FUNDI: Hilo naweza kumwambia kijana.

BINTI: Na ukishamwambia, atafanya nini nalo? Mwalimu, umeeleza vizuri, lakini hayo ni mambo ya kale. Mimi napinga kwa sababu ya muda. Watu wa hapa wanaoweza kushuka hadi ndani ya kerneli ni wachache, na kila saa ya umeme ina bei. Saa hiyo inaweza kwenda kwenye kidhibiti cha sola au kwenye programu ya zahanati. Ninyi mnataka iende kwenye chipu iliyobuniwa kabla mama yangu hajaolewa. Tena imeshaandikwa! Ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux kuna hati ya Pierre Ossman kuhusu DMA ya ISA na LPC. Ni fupi, ni safi, na inasafiri pamoja na msimbo wenyewe, kwa hiyo hata intaneti ikikatika unayo kwenye flashi. Kwa nini tuandike mara ya pili?

Hati anayoitaja Binti ninaiheshimu. Inamwambia mwandishi wa draiva aombe kumbukumbu ya aina gani, ashike kufuli gani kabla ya kugusa chipu, aite vitendo gani na kwa mfuatano upi. Inamkumbusha hata jambo ambalo wengi husahau: kompyuta ikilazwa usingizi, mipangilio yote ya DMA hupotea, na ni jukumu la draiva kuhakikisha usingizi haujaikuta katikati ya uhamishaji. Aliyeandika vile alikuwa amefanya kazi hiyo kwa mikono yake. Swali ni kwa nini aliifanya, na hilo Mwalimu analo.

MWALIMU: Vizuri umemtaja Ossman, binti yangu, kwa sababu yeye ni shahidi wangu. Katikati ya miaka ya 2000 aliandika draiva inayoitwa wbsd, ya kisomaji cha kadi za SD kilichotengenezwa na Winbond na kuwekwa kwenye kompyuta za mapajani. Kadi ya SD wakati huo ilikuwa kitu kipya. Lakini kisomaji kilikuwa kimefungwa kwenye njia ya LPC, ambayo Intel ilikuwa imeileta mwaka 1998 ichukue nafasi ya ISA kwenye mazabodi, na LPC ilirithi utaratibu uleule wa DMA. Kifaa kipya kikatii sheria za zamani. Fungua wbsd uone: inaomba bafa ya kilobaiti 64, inakagua kama bafa imeanzia barabara kwenye mpaka wa kilobaiti 64, inakagua kama iko chini ya megabaiti 16. Ikikosa, inaachana na DMA na kupitisha data kwa njia ya polepole. Sasa mtu asiyejua sababu ya ukaguzi huo anaweza kuufuta siku moja akidhani umebaki kwa bahati mbaya.

FUNDI: Na akiufuta?

MWALIMU: Rejista ya anwani ndani ya 8237 ina biti 16. Inahesabu hadi 65,535, kisha inarudi sifuri. IBM ilihitaji kufika mbali zaidi ya hapo, ikaweka rejista nyingine nje ya chipu, rejista ya ukurasa, inayoshika sehemu ya juu ya anwani. Kwenye PC ya kwanza ilitoa biti 4. Kwenye AT ikatoa 8, jumla biti 24, ambazo zinaishia kwenye megabaiti 16. Juu ya hapo DMA ya ISA haifiki kabisa, hata kama kompyuta ina gigabaiti 8. Lakini shida kubwa ni kwamba rejista hizi mbili hazina mawasiliano. Ya ndani ikifika mwisho na kurudi sifuri, ukurasa haupandi.

Tuseme bafa yako imeanza kilobaiti 4 kabla ya mpaka, na unasoma kilobaiti 8. Nusu ya kwanza itakaa mahali pake. Nusu ya pili itakwenda mwanzoni mwa ukurasa uleule, kilobaiti 64 nyuma ya pale ulipoitarajia, na kufuta chochote kilichokuwa kimelala hapo. Disketi haitalalamika, wala chipu. Utaambiwa kazi imekwisha salama. Kompyuta itaanguka baadaye, ndani ya programu isiyohusika hata kidogo, na wewe utaikagua programu hiyo usiku kucha.

FUNDI: Ndiyo zile mashine watu wanasema zina shetani.

Hapa naingilia, kwa sababu kwangu mimi kesi nzima iko kwenye jibu hilo la Mwalimu. Makosa mengi ya programu hujitangaza: programu inasimama, ujumbe unatoka, mstari wenye kosa unatajwa. Kosa la DMA halina mtu wa kulitangaza, maana prosesa, ambayo ndiyo mlinzi wa kumbukumbu, haikuwepo wakati data inapita. Ulinzi wote ambao mfumo endeshi umejenga kati ya programu na programu unazungukwa, kwa kuwa chipu ya zamani huandika moja kwa moja kwenye anwani halisi iliyopewa. Kifaa kisichotoa onyo kinahitaji maandishi yanayotoa onyo hilo kwa niaba yake. Orodha ya vitendo vya kuita haitoshi. Mtu anaweza kuita kila kitendo kwa mfuatano sahihi, akapewa bafa inayokatiza mpaka, na akaharibu kumbukumbu huku akiwa ameitii orodha hiyo neno kwa neno.

BINTI: Sikatai kwamba ni hatari. Na kama tunataja hatari, basi tuzitaje zote. Idadi ya baiti huandikwa ikiwa imepunguzwa moja: ukitaka 512, unaandika 511, kwa sababu chipu huhamisha moja zaidi ya ulichoandika. Chaneli 5 hadi 7 zinahesabu kwa maneno ya baiti mbili, kwa hiyo anwani unaigawa kwa mbili, bafa haiwezi kuanza kwenye anwani witiri, na mpaka wake unakuwa kilobaiti 128. Halafu kuna ile flipflopu. Rejista ni za biti 16 lakini mlango wa kuingilia ni wa biti 8, hivyo unaandika nusu ya chini kisha nusu ya juu kwenye mlango uleule, na kuna swichi ndani inayokumbuka zamu ni ya nusu ipi. Usipoisafisha kwanza, au draiva nyingine ikiingia katikati yako, nusu zinabadilishana na anwani inakuwa takataka. Kufuli analolitaja Ossman lipo kwa ajili hiyo.

MWALIMU: Unayajua haya kuliko wanafunzi wangu wote.

BINTI: Nayajua, na yote yanaingia kwenye kurasa mbili tatu. Kama mnataka kurasa tatu, sina ugomvi nanyi. Ninachokikataa ni mradi: kamati, semina, kitabu chenye jalada.

FUNDI: Mimi nina jambo zaidi ya printa. Miaka ya 1990 habari nyingi za nchi hii ziliandikwa nje ya nchi hii. Operesheni ya Lifeline Sudan ilipoanza 1989, kituo chake kikubwa cha kuhudumia huku kusini kilikuwa Lokichoggio, Kenya. Ofisi za miaka ile zilihifadhi kazi kwenye disketi. Mtu akija hapa kesho na boksi la disketi za marehemu baba yake aliyefanya kazi kule, nani atazisoma kama hakuna anayejua chaneli 2?

BINTI: Nitazisoma mimi, mzee wangu, na sitahitaji chaneli 2. Kwa disketi za kawaida za inchi 3.5 kuna visomaji vya USB. Kwa zile za inchi 5.25 na za mpangilio wa ajabu kuna vifaa kama KryoFlux, na Greaseweazle aliyoibuni Keir Fraser, ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote. Vifaa hivyo husoma mabadiliko ya sumaku yenyewe juu ya disketi na kuyapeleka kwenye kompyuta kwa USB. Kupanga data kunafanywa baadaye na programu. Disketi iliyochoka ina nafasi nzuri zaidi hivyo kuliko kwenye kidhibiti cha zamani, ambacho kikishindwa kusoma sekta hukuambia imeshindikana tu.

Kwenye hoja hii Binti ameshinda, na sioni namna ya kumtetea Fundi. Juba inajua uchungu wa kumbukumbu zilizonusurika kwa bahati: nyaraka za karatasi za tawala zilizopita zilikaa kwenye hema mjini kabla ya kupangwa na kupigwa picha kwa ushirikiano na Rift Valley Institute. Ni rahisi mtu akishaliona hema lile akataka kuokoa kila kitu kwa kila njia. Lakini anayetaka kuokoa disketi na apewe chombo bora, na chombo bora leo hakipiti kwenye 8237. Anayeitetea hati ya DMA asitumie huzuni ya nyaraka kama ngazi.

MWALIMU: Basi niachie disketi, nibaki na kompyuta zenyewe. Mwaka 2019 draiva ya disketi ndani ya Linux ilitangazwa yatima, kwa kuwa mtunzaji wake, Jiri Kosina, hakuwa tena na kifaa cha disketi kinachofanya kazi. Linus Torvalds hakuifuta. Sababu ni kwamba mashine pepe bado zinaigiza kidhibiti kile cha zamani. Mwaka huohuo Denis Efremov akajitolea kuitunza. Na miaka minne kabla, Mei 2015, kasoro iliyoitwa VENOM ilipatikana kwenye QEMU, programu ya mashine pepe, katika msimbo wake unaoigiza kidhibiti cha disketi. Ilikuwamo tangu 2004. Mtu aliyekuwa ndani ya mashine pepe aliweza kutoka nje na kuifikia kompyuta mama, na hata walioizima disketi kwenye mipangilio yao, baadhi waliendelea kuwa hatarini, kwa sababu msimbo ulibaki. Seva zilizoathirika hazikuwa na hata tundu la disketi.

BINTI: Mwalimu, VENOM haikuwa kosa la DMA. Lilikuwa kosa la bafa ya kidhibiti cha disketi.

MWALIMU: Kweli, na sitasema vinginevyo. Nasema hivi: kifaa kikiitwa cha zamani, watu huacha kusoma msimbo wake lakini hawaachi kuuendesha. Kwa miaka kumi na moja msimbo ule ulipita mbele ya macho ya watu. Sasa fungua kompyuta yako hiyo, ya juzi tu, uandike: cat /proc/dma.

BINTI: Inasema 4, cascade.

MWALIMU: Hiyo ndiyo chaneli iliyozifunga chipu mbili za PC/AT ya 1984. Imo kwenye kompyuta yako. Angalia na /proc/zoneinfo: kuna ukanda wa kumbukumbu uitwao DMA. Kwenye prosesa za jamii ya x86 ukanda huo ni megabaiti 16 za mwanzo, zilizotengwa kwa ajili ya ile rejista ya ukurasa yenye biti 8. Huwezi kuielewa ramani ya kumbukumbu ya mashine yako bila kumjua aliyeichora.

FUNDI: Binti, unaona? Hata wewe unayo.

BINTI: Ninayo, lakini hainisumbui, na haitanisumbua. Mambo yangu ni ESP32, zile chipu ndogo za kisasa.

MWALIMU: Nayo je? Unapotuma picha kwenye kioo chake kwa DMA, unaomba kumbukumbu gani?

BINTI: Ile yenye alama ya MALLOC_CAP_DMA.

MWALIMU: Kwa nini?

BINTI: Kwa sababu… DMA yake haifiki kila mahali. Lazima bafa iwe kwenye RAM ya ndani. Picha ikiwa kwenye flashi, inanakiliwa kwanza.

MWALIMU: Na wenye Raspberry Pi 4 ya 2019, yenye gigabaiti 4, walikuta baadhi ya vifaa vyake vya DMA vinafika gigabaiti 1 ya mwanzo tu. Kerneli ikalazimika kutenga ukanda kwa ajili hiyo, kama ule wa megabaiti 16. Namba zimepanda lakini tatizo ni lilelile: anayebeba data anaona sehemu ndogo ya kumbukumbu kuliko anayemtuma. 

BINTI: Basi umejijibu mwenyewe, Mwalimu. Fundisha ESP32! Iko sokoni, ni ya bei nafuu, na ina matatizo yaleyale. Kwa nini umpitishe mwanafunzi kwenye 8237 ndipo afike?

Swali hili ndilo zito kuliko yote ya Binti. Nimesikia watu wakilijibu kwa kusema kwamba kila elimu ni elimu. Jibu hilo halimtendei haki mwanafunzi mwenye saa mbili za umeme. Mwalimu ana jibu bora.

MWALIMU: Kwa sababu 8237 inaonekana yote. Ina chaneli nne, kila moja na anwani yake na hesabu yake, na rejista chache za amri. Mwanafunzi anaweza kuishika nzima kichwani kwa mchana mmoja. Kwenye chaneli 2 anwani inaandikwa kwenye mlango 0x04, hesabu 0x05, ukurasa 0x81, flipflopu inasafishwa kwa kuandika kwenye mlango 0x0C. Hakuna maktaba inayomficha. Kwenye ESP32 anaita kitendo kimoja, kinafaulu au kinakataa, na sababu imezikwa chini ya tabaka kadhaa za msimbo wa watu wengine. Tena 8237 haihitaji kununuliwa. QEMU inaiigiza. Mwanafunzi wa Jebel mwenye laptopu anaweza kuipa anwani isiyo sahihi kwa makusudi, akaona kwa macho yake data ikitua pasipo pake, kisha akazima, akawasha, na hakuna kilichoharibika. Akitoka hapo, MALLOC_CAP_DMA haimtishi.

BINTI: Hilo nalikubali, kama zoezi. Mchana mmoja.

FUNDI: Na Kiswahili? Maana mlisema asiyejua Kiingereza asihangaike.

BINTI: Sikusema hivyo, mzee.

FUNDI: Hukusema, lakini ulipotaja hati ya Kiingereza na kusema imeshaandikwa, ulimtoa kijana wangu chumbani. Anasoma Kiswahili vizuri kwa sababu shule yake yote ilikuwa Kenya, na Kiingereza cha mtihani anacho. Lakini Kiingereza cha hati hizo kimeandikwa kwa mtu aliyekwisha kuijua nusu ya habari. Anaposoma sentensi asiyoielewa, hawezi kujua kama kinachomshinda ni lugha au ni mashine.

MWALIMU: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Ilikuwa kazi kubwa na iliwafungulia wengine njia. Lakini ilikuwa ni menyu na ujumbe wa kwenye kioo, mambo ya mtumiaji. Mambo ya ndani, ya anayejenga, tumeyaacha kwa lugha nyingine kana kwamba mjenzi hawezi kuwa Mswahili. Na sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Hati ikiandikwa Jebel itasomeka Mwanza na Bukavu bila mkalimani.

BINTI: Na istilahi? Mtaunda maneno mapya ambayo hakuna atakayeyapata kwenye msimbo.

MWALIMU: Hatutaunda. Majina yaliyo kwenye msimbo yatabaki yalivyo, request_dma ni request_dma. Maelezo ndiyo yatakuwa ya Kiswahili.

Kwamba maelezo yana thamani, PC yenyewe ni ushahidi: mwaka 1981 IBM iliuza kitabu cha ufundi cha PC kilichochapisha michoro ya saketi na msimbo wa BIOS mstari kwa mstari. Compaq, iliyoundwa 1982, na waliofuata hawakuruhusiwa kunakili msimbo ule, lakini mashine yenyewe ilikuwa imeelezwa kiasi kwamba watu wa nje waliweza kutengeneza kadi na draiva zake bila kuomba ruhusa ya mtu. Kompyuta iliyoelezwa hivyo ilienea duniani kote, na mabaki yake ndiyo yanayoshushwa leo kutoka kwenye malori aliyoyataja Fundi. Kompyuta nyingine za miaka ile, pengine bora kuliko PC, zimetoweka pamoja na wahandisi wao.

Nimewasikiliza wote, na msimamo wangu ni huu. Iandikwe. Iwe fupi kama Binti anavyotaka, kurasa tatu au nne. Ianze na mipaka na sababu zake kabla ya kutaja kitendo hata kimoja cha kerneli: kwa nini kilobaiti 64, kwa nini megabaiti 16, kwa nini unaandika 511. Mbele ya kila sheria ielezwe kinachotokea ukiivunja, na mahali utakapoiona dalili, kwa sababu dalili haijitokezi mahali pa kosa. Iwe na zoezi la QEMU ambalo msomaji anaweza kulifanya bila kifaa chochote cha zamani. Mwisho wake ioneshe mahali tatizo lilelile linapojitokeza kwenye ESP32 na Raspberry Pi, ili anayeisoma asibaki mwaka 1984.

Lakini draiva mpya ya ISA isiandikwe Jebel, wala pesa za mtu zisitumike kufufua kidhibiti cha disketi. Linux yenyewe iliacha kuhudumia prosesa ya 386 mwishoni mwa 2012, na haikuwa dhambi. Chuma kina haki ya kufa. Tunachodaiwa ni maelezo, na maelezo hayali umeme baada ya kuandikwa.

Kwa hiyo namwomba Binti, maana ndiye anayeyajua, atenge mchana mmoja aandike rasimu. Mwalimu aipitishe darasani aone wanafunzi wanakwama wapi. Fundi ampe kijana wake asome kwa sauti, na kila sentensi itakayomsimamisha iandikwe upya. Nawe msomaji, kama unaijua draiva yoyote iliyowahi kugusa 8237, ongeza ukurasa wako: kifaa gani, chaneli gani, na kilikuadhibu wapi.